Nani Hasa Ni Mkalvini wa Kupindukia?

Miongoni mwa watu wanaofuata theolojia ya John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, ni vigumu kupata tuhuma inayotupwa kwa urahisi kama ya "Ukalvini wa kupindukia". Mtu akisema kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, jirani yake asiyekubali fundisho hilo humwita Mkalvini wa kupindukia. Naye huruka na kumwonyesha kidole mwenzake mwenye msimamo mkali zaidi: "Mimi siyo, huyo ndiye." Na huyo wa mwisho atakwambia kwamba yeye ni Mkalvini wa kawaida tu, ila waliobaki wamelegea. Ni jina la kubandikwa. Wapinzani ndio walilitunga, na wanaobandikwa karibu wote hulikataa.

Ingekuwa rahisi kusema basi litupwe. Sikubaliani na hilo, kwa sababu jina hili lilitokana na mgogoro wa kweli, uliogusa jambo zito kuliko yote katika mahubiri: mhubiri anaruhusiwa kumwambia nini mtu ambaye bado hajaokoka? Likibaki hapo, lina kazi. Likitolewa hapo, linageuka tusi.

Tuanze na kile ambacho makanisa ya Kireformati, yaani yanayofuata mafundisho ya Calvin, yenyewe yalikiri katika maungamo yao, matamko rasmi ya imani. Sinodi ya Dort, iliyokutana Uholanzi mwaka 1618 na 1619 kuwajibu wafuasi wa Arminius (Waarminiani), waliosema kila mtu anaweza kuitikia Injili, ilifundisha bila kumung'unya maneno kwamba Mungu huchagua, na kwamba mwanadamu aliyekufa katika dhambi hawezi kuja kwa Kristo kwa nguvu zake. Lakini Kanuni hizohizo za Dort zinasema ahadi ya Injili itangazwe kwa mataifa yote na kwa watu wote bila ubaguzi, pamoja na amri ya kutubu na kuamini. Zinaongeza kwamba wote wanaoitwa kwa Injili wanaitwa kwa dhati, pasipo unafiki wowote upande wa Mungu. Ungamo la Westminster la mwaka 1646 linasema Mungu anawapa wenye dhambi mwaliko wa bure wa uzima na wokovu katika Yesu Kristo, akiwataka wamwamini. Wabaptisti Wakalvini wa Uingereza walipoandika ungamo lao, lile lililothibitishwa mwaka 1689, waliyabeba maneno hayo.

Kwa hiyo Ukalvini wa maungamo ulishika mambo mawili kwa pamoja. Yesu alisema, "Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba aliyenipeleka." Yesu huyohuyo alisema, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo." Maungamo hayakujaribu kuufuta mstari mmoja kwa kutumia mwingine.

Mtu wa kwanza kuukata uzi huo waziwazi na kwa kirefu alikuwa Joseph Hussey, mchungaji wa kanisa la Kikongregesheni mjini Cambridge. Mwaka 1707 alichapisha kitabu kizima kupinga mwaliko wa neema. Hoja yake ilikuwa kwamba Kristo ahubiriwe kwa wote, lakini asikaribishwe mtu yeyote kumpokea kana kwamba mpokeaji ana uwezo wa kuamua. Wokovu ni kazi ya Roho, na kumwalika mfu, kwa maoni yake, ni kumnyang'anya Roho kazi yake. Mawazo hayo yaliingia London kupitia John Skepp, mhubiri wa Kibaptisti, kisha yakaonekana kwa wahubiri wawili wazaliwa wa Kettering, John Brine na John Gill. Gill alikuwa mtu wa elimu kubwa mno, aliyefafanua Biblia nzima mstari kwa mstari, na alichunga kanisa lake kusini mwa mto Thames kwa zaidi ya miaka 50, hadi kifo chake mwaka 1771. Tutamrudia, maana yeye ndiye anayewatoa jasho wanaotaka kulifafanua jina hili.

Mwaka 1737 mgogoro ulipata swali lake. Matthias Maurice, mchungaji wa Rothwell katika jimbo la Northamptonshire, aliandika kijitabu akiuliza: je, ni wajibu wa watu wasiookoka, wanapoisikia Injili, kumwamini Kristo? Akajibu ndiyo. Lewis Wayman wa Kimbolton akajibu hapana, na Brine naye akaingia upande wa hapana. Vijitabu vikafuatana kwa miaka kadhaa, na mjadala ukaitwa "Swali la Kisasa", kwa kuwa wakati huo lilionekana jipya.

Hoja ya Wayman na Brine haikuwa ya kipuuzi, na anayeicheka hajaisoma. Ilikwenda hivi. Sheria ya Mungu inamdai mwanadamu kile alichopewa alipoumbwa. Adamu bustanini alikuwa mtakatifu, lakini hakuwa na imani ya kumtegemea Mwokozi, maana hakuwa na dhambi ya kuokolewa nayo. Basi imani iokoayo haikuwamo katika akiba aliyoipoteza. Hatuwezi kudaiwa tulichokuwa hatunacho tangu mwanzo. Imani hiyo ni zawadi mpya ya agano la neema, inayotolewa kwa wateule peke yao, na zawadi haiwezi kuitwa wajibu.

Chini ya hoja hiyo imelala kanuni moja: mtu hawezi kuwajibika kwa jambo asiloweza kulitenda. Ndiyo kanuni waliyoitumia Waarminiani, isipokuwa waliingia nayo kwa mlango mwingine. Mwarminiani anasema: Mungu anaamuru wote waamini, kwa hiyo wote wanaweza. Mkalvini wa kupindukia anasema: wote hawawezi, kwa hiyo Mungu hajaamuru wote. Kambi mbili zinazochukiana zimesimama juu ya msingi uleule. Ukalvini wa Dort na Westminster unaukataa msingi wenyewe: Mungu anaamuru wote, wote hawawezi, na bado wote wanawajibika. Hili ni gumu kulimeza, nami sijaribu kulirahisisha. Lakini hapa ndipo mstari wa mpaka unapopita. Katika uteule, katika idadi ya wale ambao Kristo alikufa kwa ajili yao, hata katika kina cha upotovu wa mwanadamu, pande zote mbili za Wakalvini wangeweza kukaa benchi moja.

Aliyelibeba swali hili hadi kwenye jibu lililobadilisha historia alikuwa Andrew Fuller, mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza, na kwake lilianza kama kidonda kabla ya kuwa hoja. Alikulia Soham, katika kanisa ambalo mchungaji wake, John Eve, hakuwa na la kuwaambia wasioamini. Kijana Fuller, akiwa na umri wa miaka 15 na dhambi zake zikimlemea, hakuamini kwamba ana kibali cha kumjia Kristo. Alifundishwa kwamba mwenye haki ya kuja ni yule ambaye tayari ana dalili fulani za Roho ndani yake, na yeye alijichunguza asizione. Mwishowe, mwaka 1769, alijitupa kwa Kristo vivyo hivyo. Baadaye alijilinganisha na Esta aliyeingia kwa mfalme bila kuitwa, akiwa tayari kuangamia ikibidi. Fikiria uzito wa jambo hilo: mtoto anayetaka kumfuata Mwokozi anadhani anavunja sheria kwa kumkaribia.

Haukupita muda mrefu, kanisa la Soham likagawanyika. Mshirika mmoja alikutwa na kosa la ulevi, na alipoonywa na Fuller alijitetea kwamba hakuweza kujizuia. Fuller akamjibu kwamba angeweza kama angetaka. Mchungaji Eve alikubali kwamba mtu ana uwezo wa kujiepusha na dhambi za nje, lakini baadhi ya washirika waliona kauli hiyo inampa mwanadamu sifa ya Mungu. Mzozo ukakua, na mwaka 1771 Eve akaondoka. Waliodhani theolojia hii ni mchezo wa wasomi waangalie hapo: ilishuka hadi kwa mlevi kwenye benchi la kanisa, na ikampa kisingizio.

Fuller alipata ufunguo kwa mwanatheolojia wa New England, Jonathan Edwards, aliyeandika mwaka 1754 juu ya uhuru wa nia. Edwards alitofautisha kutoweza kwa asili na kutoweza kwa kimaadili. Kipofu hawezi kuona, na hakuna amlaumuye. Anayefumba macho kwa sababu anaichukia nuru naye haoni, lakini lawama ni yake, na kadiri chuki yake ilivyo kali ndivyo lawama inavyozidi. Mwenye dhambi ana akili ya kuelewa, ana nia ya kuchagua, ana moyo wa kupenda. Alichokosa ni kumtaka Mungu. Hawezi kwa sababu hataki, na hatataka mpaka Roho ambadilishe. Kutoweza huko ni kwa kweli kabisa, hata hivyo hakumwondolei wajibu.

Kuhusu Adamu, Fuller alijibu kwamba sheria inadai kumpenda Mungu kwa moyo wote, na ampendaye Mungu hupokea lolote Mungu atakalofunua. Mungu akimfunua Mwanawe, kumkataa ni kuvunja amri ya kale ileile ya upendo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1785, na jina lake alilichota katika maneno ya Paulo kwa Timotheo: "Ni neno la kuaminiwa, tena lastahili kukubalika kabisa." Kilishambuliwa pande zote mbili mara moja. William Button alimpinga kutoka kwa Wakalvini wa juu, ndio hao wa kupindukia, na Dan Taylor kutoka kwa Wabaptisti Waarminiani. Ukikumbuka ile kanuni waliyochangia, hutashangaa.

Fuller mwenyewe alikuwa na mpangilio wa majina. Alisema kuna Wakalvini wa juu, waliomzidi Calvin kwa Ukalvini na kukaribia kuikana sheria. Kuna wa wastani, ambao kwake walikuwa nusu Waarminiani. Na kuna wa kweli, wanaoushika mfumo wa Calvin. Alijiweka katika kundi la tatu, huku akikiri kwamba hakubali kila alichofundisha Calvin. Naona jambo moja muhimu hapo. Aliyepigana na Ukalvini wa kupindukia kuliko wote alifanya hivyo akidai Ukalvini kamili. Hakuupunguza hata kidogo ili awe mpole.

Mwaka 1792, huko Kettering, Fuller na wenzake walianzisha shirika la umisheni lililomtuma William Carey India. Hapa watu hupenda kusimulia kwamba mzee John Ryland alimkemea Carey kikaoni, akimwambia aketi chini, kwamba Mungu akitaka kuwaokoa wapagani atafanya hivyo bila msaada wake. Hadithi hiyo imekuwa ushahidi mkuu katika kesi hii. Lakini mtoto wa mzee huyo, ambaye naye aliitwa John Ryland na alikuwa rafiki wa karibu wa Fuller na Carey, hakuiamini. Ningeshauri tusijenge tafsiri ya jina juu ya kisa ambacho mwenye nyumba amekikana.

Tena kisa hicho kinapotosha. Kinatufanya tuseme Mkalvini wa kupindukia ni yule asiyehubiri. William Gadsby, mhubiri wa Kibaptisti wa Manchester aliyefariki mwaka 1844, alikana kabisa kwamba imani iokoayo ni wajibu wa watu wote, lakini alihubiri huku na huko bila kuchoka, na watu wa kawaida walimpenda. Jarida lililoanzishwa mwaka 1835 katika mduara wake, la Gospel Standard, likawa kitovu cha makanisa ambayo bado yapo Uingereza. Mwaka 1878 makanisa hayo yaliongeza vifungu katika ungamo lao. Kifungu kimoja cha ungamo hilo kinakana kwamba kila mtu ana wajibu wa kutubu na kuamini kwa namna iokoayo. Kingine, miongoni mwa vilivyoongezwa, kinasema kwamba mhubiri wa siku hizi akiwaita wote katika mkusanyiko mchanganyiko watubu, waamini na kumpokea Kristo, anadokeza kwamba kiumbe ana uwezo, na anakana fundisho la ukombozi maalumu, yaani kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule peke yao. Vifungu hivyo havifichi kitu. Navipenda kwa uaminifu wake, ingawa sikubaliani navyo hata kidogo, maana vinatupa ile tafsiri tunayoitafuta, tena ikiwa imeandikwa na wenyewe.

Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti, alikutana na mkondo huo alipofika London mwaka 1854, akiwa kijana, kulichunga kanisa lilelile ambalo Gill alilichunga karne iliyotangulia. Mwanzoni mwa 1855 barua iliyotiwa sahihi ya "Job", ambayo wengi wanaihusisha na mhubiri James Wells, ilitia shaka hadharani kama kweli Spurgeon ameongoka. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwasihi wenye dhambi.

Sasa tuyaondoe yasiyohusika. Kukubali zile hoja tano zinazotajwa kuwa muhtasari wa Dort (upotovu kamili wa mwanadamu, uteule usio na masharti, ukombozi maalumu, neema isiyozuilika na kudumu kwa watakatifu) si Ukalvini wa kupindukia. Huo ni Ukalvini tu, upendwe au uchukiwe. Kufundisha kwamba Mungu aliamua mwisho wa waliopotea sawasawa na wa waliookolewa ni mjadala mwingine. Kupanga amri ya uteule kabla ya amri ya kuruhusu anguko ni mwingine tena, na William Twisse, mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Westminster lililoandika lile ungamo, alishika mpangilio huo bila kutengwa na wenzake. Wanaofundisha kwamba mwamini amehesabiwa haki tangu milele, au kwamba sheria si kanuni ya maisha yake, mara nyingi wametoka katika nyumba moja na waliokana wajibu wa kuamini. Ujirani huo umewachanganya wengi. Lakini mtu anaweza kushika kimoja bila kingine. Ama hasira, kiburi na ukorofi wa kijana aliyeisoma theolojia miezi mitatu, hiyo ni dhambi ya kawaida na haihitaji jina la kitheolojia.

Ugumu mkubwa umekuja katika nyakati zetu, nao unatoka kwa watu wanaojua wanachosema. Phil Johnson, mwandishi wa Kimarekani wa Kibaptisti, alitoa tafsiri ya sehemu tano ambayo imeenea sana. Kwake, Mkalvini wa kupindukia ni yeyote anayekana mojawapo ya haya: kwamba wito wa Injili unamhusu kila asikiaye, kwamba imani ni wajibu wa kila mwenye dhambi, kwamba Injili inawaalika kwa namna yoyote wasio wateule, kwamba kuna neema ya jumla, yaani fadhili ya Mungu kwa wote hata wasio wateule, kwamba Mungu ana upendo wa namna yoyote kwa wasio wateule. Neno la kuangalia ni "mojawapo". Ukikana moja tu, umeingia.

Tafsiri hiyo inawakamata moja kwa moja watu wa Protestant Reformed Churches. Historia yao ni ya Marekani. Mwaka 1924, sinodi ya Christian Reformed Church iliyokutana Kalamazoo, Michigan, ilipitisha hoja tatu kuhusu neema ya jumla, na katika hoja ya kwanza ikautaja mwaliko wa Injili kwa wote kuwa ushahidi wa fadhili ya Mungu kwa wote. Herman Hoeksema, mchungaji wa Grand Rapids, alikataa. Kwake neema ni ya wateule tu, na Mungu hawezi kutamani kwa dhati kile ambacho ameamua kutokifanya. Aliondolewa, na kanisa jipya likazaliwa. Upande wa pili wa mjadala, wanatheolojia John Murray na Ned Stonehouse waliandika mwaka 1948 wakitetea kwamba Mungu anapendezwa kwa kweli na wokovu hata wa wale ambao hakuwachagua, wakitegemea maandiko kama Ezekieli 33:11, "sikufurahii kufa kwake mtu mwovu".

Mimi niko na Murray. Naamini Hoeksema ameifunga midomo ya maandiko yanayosema wazi. Lakini kumwita Mkalvini wa kupindukia ni kosa, na ni kosa linalodhuru. Watu wake wanafundisha kwamba kila anayeisikia Injili anaamriwa kutubu na kuamini, kwamba wito huo ni wa dhati, na kwamba asiyeamini ana hatia ya kutoamini. Wanakinukuu kile kifungu cha Dort kwa fahari. David Engelsma, mmoja wa wanatheolojia wao, aliandika kitabu kizima akipinga Ukalvini wa kupindukia na kukana kwamba kanisa lake limo ndani yake. Mweke mhubiri wao mbele ya mkusanyiko, kisha mweke mhubiri anayefuata vifungu vya 1878. Wa kwanza atasema, "Tubuni, mwaminini Kristo, ninyi nyote." Wa pili anaona kusema hivyo ni kosa. Jina moja linawezaje kuwabeba wote wawili? Linalotenganisha Hoeksema na Murray ni kile kilichomo moyoni mwa Mungu anapoita. Linalotenganisha Gadsby na Fuller ni kama wote wameitwa. La kwanza ni kubwa, na linastahili mjadala wake na majina yake. La pili ndilo lililomfanya Fuller mtoto adhani hana kibali cha kumwendea Kristo.

Hivyo naubana mstari katika zile sehemu mbili za kwanza za Johnson, na kuziacha tatu zilizobaki kwa mijadala yake. Sehemu ya tatu ndiyo inayosumbua, kwa sababu wapo waliokana mwaliko kwa kuwa wamekana wajibu, na wapo waliokana mwaliko huku wakishika wajibu. Lazima kila mmoja aulizwe.

Na hapo ndipo Gill anaporudi. Alikataa katakata lugha ya kumwalika mwenye dhambi, na kwa sababu hiyo watafiti kama Peter Toon na Curt Daniel wamemweka ndani ya jina hili. Thomas Nettles na George Ella wamemtetea. Kwa kipimo cha wajibu, ushahidi wake unavuta huku na kule. Aliandika kwamba mtu aliyepata ufunuo wa nje tu anawajibika kuamini ule wa nje, yaani kwamba Yesu ndiye Masihi, na hawajibiki kuamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake yeye binafsi. Nusu ya mwisho ya kauli hiyo hata Fuller angeikubali, maana hakuna anayeamriwa kuamini jina lake limo katika orodha ya wateule. Anaamriwa kumjia Kristo. Nusu ya kwanza ndiyo inayomponza, kwa sababu inaacha katikati tendo lenyewe la kumtegemea Mwokozi, pasipo kusema kama asiyeongoka anadaiwa au hadaiwi. Naye, katika vita ya vijitabu vya Swali la Kisasa iliyopiganwa na rafiki yake Brine, hakushuka uwanjani kwa jina lake kulijibu.